Sura ya Saba: Kodi ya Kitalu

Katika miji ya Uingereza, mkazi asiye na mahali pa kulima nyumbani kwake anaweza kukodi kitalu cha bustani kutoka kwa halmashauri na kukilipia kwa mwaka. Vitalu hivyo hukaa pamoja, makumi au hata mamia katika eneo moja: kando ya reli, nyuma ya makaburi, au bondeni ambako hakuna aliyetaka kujenga nyumba. Eneo lote lina uzio mmoja na geti moja, na kila mpangaji ana ufunguo wake. Ndani mna vijia vya majani, vibanda vya mbao vya kuwekea majembe, na hapa na pale tangi la bati lililo wazi ambamo watu huchota maji ya kumwagilia, kwa kuwa mahali pengi mpira wa maji hauruhusiwi. Sheria ya 1922 iliweka mpaka wa matumizi: kitalu kilimwe hasa mboga au matunda ya kuliwa na mlimaji na familia yake. Anayetaka kulimia soko atafute shamba.

Kipimo cha vitalu ni cha kale, nacho huitwa rodi. Rodi moja ya mraba ni kama mita za mraba 25, na kitalu kamili kwa desturi ni rodi 10, yaani karibu mita za mraba 250, ukubwa usiopishana sana na uwanja wa tenisi. Mtaani hakuna tena anayepima kitu kwa rodi, lakini katika ankara nyingi za vitalu bado ipo: kodi hupangwa kwa kila rodi, kisha huzidishwa kwa idadi ya rodi alizonazo mpangaji.

Kwa miaka mingi ankara hiyo ilikuwa ndogo kiasi cha kusahaulika. Katika miaka ya karibuni imeanza kupanda kwa kasi. Halmashauri kadhaa zimeongeza kodi maradufu, nyingine kwa hatua za miaka michache, nyingine kwa mkupuo mmoja. Ili kuelewa kwa nini jambo dogo namna hii huamsha hasira kubwa namna ile, ni lazima kwanza kujua vitalu hivyo vilitoka wapi.

Kati ya 1604 na 1914, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria zaidi ya 5,200 za kuifunga ardhi ya pamoja ya vijiji na kuigawa kwa wamiliki binafsi. Takriban sehemu moja kwa tano ya England iliguswa. Kibarua wa shamba, ambaye kabla ya hapo alichunga ng'ombe wake mmoja na kuokota kuni kwenye ardhi ya kijiji, alibaki na ujira wake tu, na ujira wenyewe haukutosha. Mwaka 1830 vibarua wa kusini waliasi: walivunja mashine za kupuria nafaka na kuchoma moto mazizi na marundo ya mazao. Baada ya hapo wenye ardhi na mapadri wa Kianglikana wakaona faida ya kumpa kibarua kipande cha kulima viazi. Haukuwa ukarimu mtupu. Vitalu vingi vilitolewa na masharti, likiwemo la kutolima siku ya Jumapili, na mpangaji aliyeonekana mkorofi alinyang'anywa.

Serikali iliingia polepole. Sheria ya 1887 ilizitaka mamlaka za maeneo zitoe vitalu palipokuwa na uhitaji. Sheria ya 1908, ambayo ndiyo msingi mpaka leo kwa England na Wales, iliuendeleza wajibu huo: halmashauri ikiona kuna uhitaji, ni lazima itoe vitalu vya kutosha. Mwaka 1919, askari walipokuwa wakirudi kutoka vitani, haki hiyo iliondolewa kwenye mikono ya tabaka la vibarua peke yao na kufunguliwa kwa kila mtu. Sheria ya 1925 ikaongeza kufuli: ardhi iliyonunuliwa na halmashauri mahususi kwa ajili ya vitalu haiuzwi wala haibadilishwi matumizi bila kibali cha waziri. Kufuli hilo ndilo linalofanya kabichi ziendelee kuota mpaka leo kwenye ardhi ambayo mjenzi wa nyumba angeilipia mamilioni ya pauni.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, bustani za umma na viwanja vya michezo vililimwa viazi na karoti, na idadi ya vitalu ikafika kama milioni 1.4. Vita vilipokwisha, nyumba na barabara zilihitaji ardhi, na maduka yakajaa mboga za bei nafuu. Leo inakadiriwa kuwa vitalu vimebaki karibu 330,000 nchini kote.

Kuhusu kodi yenyewe, kifungu kinachotawala ni cha 10 katika sheria ya 1950. Hakikutaja kiwango. Kilisema tu kwamba kitalu kikodishwe kwa kodi ambayo mpangaji anaweza kutarajiwa kwa busara kuilipa, kwa ardhi ya matumizi hayo na kwa masharti hayo. Kikaongeza kwamba halmashauri inaweza kumtoza mtu pungufu ikiwa hali yake ni ya pekee, na kwamba haiwezi kudai kodi ya zaidi ya robo mwaka mapema, isipokuwa kodi ya mwaka mzima haizidi shilingi 25. Shilingi 25 za wakati ule ni pauni moja na robo ya sasa. Hakuna aliyekirekebisha kiwango hicho, kwa hiyo halmashauri inayotaka kodi yote ya mwaka mezani siku ya kwanza inajikwaa kwenye kifungu ambacho watu wengi hawakijui.

Neno “kwa busara” ndilo lililozaa ugomvi. Busara ya nani? Mhasibu wa halmashauri ataangalia gharama, na mpangaji ataangalia mfuko wake. Mwaka 1981 mahakama iliamua kesi ya Harwood dhidi ya halmashauri ya Reigate na Banstead, kusini mwa London, ambako kodi ilikuwa imepandishwa mara kadhaa. Uamuzi ule haukuzuia kodi kupanda. Ulisema kwamba vitalu ni sehemu ya burudani zinazotolewa na halmashauri, na ongezeko lake lipimwe sambamba na ada za burudani nyingine, visibaguliwe peke yake. Tangu siku hiyo, kila mahali ugomvi unapozuka, walimaji hufika mkutanoni na karatasi ya ada za bwawa la kuogelea na viwanja vya tenisi. Ikiwa bwawa limepanda kwa asilimia 5 na vitalu kwa asilimia 100, wana hoja.

Hata hivyo halmashauri nayo ina hoja, na si ya kubuni. Tangu 2010 ruzuku kutoka serikali kuu ilipunguzwa sana, huku gharama za kuwatunza wazee na watoto walio hatarini, ambazo kisheria haziepukiki, zikizidi kupanda. Croydon ilitangaza mwaka 2020 kwamba haiwezi kusawazisha bajeti yake, na mwaka 2023 zikafuata Birmingham na Nottingham. Birmingham ina vitalu karibu 7,000, na inatajwa kuwa halmashauri yenye vitalu vingi kuliko zote nchini. Katika hali hiyo kila huduma ndogo huulizwa swali moja: je, inajilipia? Vitalu, kwa sehemu kubwa ya historia yake, havikujilipia. Kodi ilifidia sehemu tu ya matumizi, na kilichopungua kilitoka kwenye mfuko mkuu. Kinachoitwa kupanda kwa kodi ni, kwa kiasi kikubwa, kuondolewa kwa ruzuku hiyo.

Matumizi yenyewe yanaonekana kwa macho. La kwanza ni maji. Eneo la vitalu lina mita moja ya kupimia maji, na bomba lililofukiwa miaka mingi iliyopita likipasuka chini ya kijia wakati wa baridi, hakuna anayejua mpaka ankara ifike. Tangu Aprili 2017 wateja wa maji wasio wa majumbani katika England wananunua huduma hiyo katika soko la kampuni, na maeneo ya vitalu yamo katika kundi hilo pamoja na viwanda na maduka. La pili ni uzio, ambao hukatwa na wezi wa majembe. Kisha kuna miti inayoegemea nyumba za jirani, vijia vinavyodidimia, panya, na mabati ya zamani ya vibanda yenye asbesto, ambayo hayatupwi kiholela bali huchukuliwa na mafundi wenye leseni. Kitalu kilichoachwa miaka miwili hujaa miiba ya forosadi mwitu, magodoro na vioo vilivyovunjika, na kukisafisha kwa ajili ya mpangaji mpya kunaweza kugharimu zaidi ya kodi ambayo mpangaji huyo atalipa kwa miaka kadhaa. Juu ya yote kuna mshahara wa ofisa mmoja anayepokea simu, kukagua vitalu na kutunza orodha ya wanaosubiri.

Asilimia na pauni husimulia hadithi mbili tofauti hapa. Chukua kitalu cha pauni 60 kwa mwaka kinachopandishwa hadi pauni 120. Gazeti la mji litaandika kwamba kodi imepanda kwa asilimia 100, na litakuwa limesema kweli. Kwa mwezi, ongezeko ni pauni 5. Kwa mwalimu mwenye mshahara, hizo ni kahawa mbili. Kwa mstaafu anayeishi kwa pensheni ya serikali, ambaye tayari amepunguza kuwasha joto nyumbani, ni jambo la kukaa na kulifikiria. Kuna na wa tatu, ambaye hatajwi sana: mtu aliyekuwa akilipa nusu bei kwa sababu ya umri au kipato, na ambaye halmashauri yake imepandisha kodi na kupunguza nafuu hiyo kwa wakati mmoja. Kwake kodi inaweza kuongezeka mara tatu, ilhali tangazo linasema mara mbili.

Njia nyingine ya kupandisha bei haimo kwenye jedwali la ada kabisa. Ni kukata vitalu. Kigingi kilichokuwa na namba 14 sasa kimeandikwa 14A, na hatua chache mbele kipo kingine, 14B. Mpangaji mpya hupewa rodi 5, wakati mwingine rodi mbili na nusu, na kodi ya nusu kitalu aghalabu huzidi nusu ya kodi ya kitalu kizima, kwa kuwa gharama za ofisi ni zilezile. Kukata kwenyewe kuna faida: kazi ya rodi 10 humshinda mtu anayefika Jumamosi tu, na watu wawili huhudumiwa mahali pa mmoja. Lakini nusu kitalu hakilishi familia. Kinatosha nyanya, mboga za majani na mstari mmoja wa maharage. Viazi vya mwaka mzima, ambavyo ndivyo vilivyokuwa shabaha ya vitalu tangu enzi za vibarua, havina nafasi.

Je, kitalu hujilipa? Jibu liko kwenye kilichopandwa. Viazi na vitunguu dukani ni rahisi mno kiasi kwamba mlimaji anayevitegemea atafanya kazi kwa hasara, ukihesabu mbegu, mbolea, ada ya chama, bima na jembe lililovunjika. Raspiberi, asparaga, majani ya saladi na mimea ya viungo ni hadithi nyingine, kwa sababu dukani huuzwa ghali katika vikasha vidogo. Faida kubwa zaidi huonekana kwa vyakula ambavyo duka la kawaida halina, au linavyo vikiwa vimenyauka. Leicester, ambako maelfu ya Wahindi waliofukuzwa na Idi Amin kutoka Uganda walihamia mwaka 1972, na wengine kutoka Kenya kabla yao, vitalu vimejaa uwatu, giligilani na mung'unye unaotambaa juu ya fremu za mianzi. Birmingham na London, familia zenye asili ya Karibi hupanda mchicha, na hapo mtu wa Tanga angejiona yuko nyumbani. Kwa watu hawa kitalu ni jiko, na kodi inapopanda wanaopoteza chakula ni wao kabla ya wale wanaolima kwa kujipumzisha.

Kuna bei ya pili ya kitalu, na hiyo haiandikwi kwenye ankara. Ni miaka ya kusubiri. Mwaka 2023 shirika la Greenpeace lilikusanya takwimu kutoka halmashauri na kupata watu wasiopungua 174,000 waliokuwa kwenye orodha za kusubiri vitalu katika Uingereza. Msukumo mkubwa ulitoka kwenye janga la korona mwaka 2020, wakati bustani ilikuwa moja ya mahali pachache ambapo mtu aliruhusiwa kukaa nje. Camden, katikati ya London, iliwahi kutajwa kuwa na foleni ya miaka 40, yaani mtu wa miaka 30 angepewa ufunguo wake akiwa na 70. Halmashauri nyingine zimefunga orodha kabisa.

Kwa kanuni za soko, foleni kama hiyo ni dalili kwamba bei iko chini mno: pandisha kodi mpaka wanaotaka na vilivyopo vilingane. Hoja hiyo husikika vikaoni, na inaonekana ya akili mpaka mtu aangalie nani ataondoka. Pauni 60 za ziada hazimfukuzi mwenye mshahara mzuri. Ili foleni ya London iishe kwa bei peke yake, kodi ingebidi ifike mamia mengi ya pauni, na hapo kitalu kingekuwa klabu. Kampuni binafsi zinazokodisha vipande vya shamba kwa malipo ya kila mwezi zimekwisha kuonyesha kwamba wapo wanaoweza kulipa bei ya namna hiyo. Hata hivyo foleni nayo si ya haki kama inavyodhaniwa. Inamfaa mwenye nyumba yake, anayeweza kukaa mtaa mmoja miaka 15 mpaka jina lake lifike juu. Mpangaji wa chumba anayehamishwa na mwenye nyumba kila baada ya mwaka au miwili hufutwa kwenye orodha anapotoka nje ya mipaka ya halmashauri, na anaanza upya kwingine. Mtu asiye na ardhi, ambaye sheria ya 1908 ilitungwa kwa ajili yake, ndiye anayeshindwa kwa bei zote mbili.

Ujerumani iliamua tofauti. Huko sheria ya shirikisho ya 1983 kuhusu bustani ndogo za kukodi haikuachia “busara” ya mtu yeyote. Kodi imefungwa kwenye kipimo kinachojulikana: bei ambayo wakulima wa biashara wa mboga na matunda wa eneo hilo hulipia ardhi yao. Mwanzoni ukomo ulikuwa mara mbili ya bei hiyo. Mwaka 1992 Mahakama ya Katiba iliona kwamba ukomo huo uliwabana mno wamiliki binafsi wa ardhi, na 1994 bunge likaupandisha hadi mara nne. Hata baada ya ongezeko hilo, wastani wa nchi ni karibu senti 18 za yuro kwa mita ya mraba kwa mwaka. Bustani hairuhusiwi kuzidi mita za mraba 400, na kibanda chake, pamoja na baraza, kisizidi mita za mraba 24, na kisiwe cha kuishi. Takriban theluthi moja ya bustani ni lazima iwe ya mboga na matunda, la sivyo eneo zima linaweza kupoteza ulinzi wa sheria.

Pamoja na hayo, unafuu wa Ujerumani una mlango wa nyuma. Mpangaji anayeingia humlipa anayetoka thamani ya kibanda, miti na vichaka, kwa makadirio ya mthamini wa chama. Malipo hayo yanaweza kufika maelfu ya yuro, na Berlin, ambako kuna bustani kama 70,000, hayo ndiyo kizingiti halisi cha kuingilia. Kodi ikifungwa, bei hutafuta mahali pengine pa kukaa. England imeiweka kwenye foleni, Ujerumani kwenye kibanda.

Kwa upande wa utaratibu, ongezeko la kodi England haliji kwa barua ya wiki moja. Kama mkataba hauna kifungu cha kupitia upya kodi, halmashauri hulazimika kutoa notisi ya miezi 12, na notisi ya kumwondoa mpangaji haiwezi kumalizikia katikati ya msimu wa kilimo, kati ya 6 Aprili na 29 Septemba. Miezi hiyo 12 ndiyo uwanja wa mapambano. Bristol, mwanzoni mwa 2024, mapendekezo ya kodi mpya yaliyoambatana na rundo la kanuni mpya yaliwakera walimaji kiasi kwamba halmashauri iliziondoa kanuni hizo. Mahali pengine chama cha walimaji huamua kulichukua eneo lote kwa mkataba, kikusanye kodi chenyewe, kikate miti chenyewe na kuziba mabomba chenyewe. Gharama hushuka kwa sababu kazi hufanywa na wastaafu bila malipo, mradi wapatikane wastaafu hao na mweka hazina mwaminifu.

Hakuna njia kati ya hizi inayoongeza kitalu hata kimoja. Kodi ikiwa pauni 60 au 120, ardhi ni ileile, na watu 174,000 wanabaki walipokuwa. Wajibu wa kuongeza ardhi umo katika kifungu cha 23 cha sheria ya 1908, na haujafutwa isipokuwa kwa mitaa ya London ya kati, iliyosamehewa mwaka 1963. Kwingineko, wapiga kura sita waliosajiliwa wakiandika barua kuomba vitalu, halmashauri inalazimika kulizingatia ombi lao. Orodha iliyofungwa haiwazuii.